Mke Harudi

Sheria inataka kila utenzi wa Ufilipino uimbwe kwa namna moja tu, na kisanduku kilichotundikwa kila jikoni humsahihisha anayekosea.

Bibi Sulbina alikuwa akisuka mkeka huku akiimba. Katika wimbo wake, mke wa shujaa akakataa kumrudia mumewe.

"Mke anarudi," kikakemea kisanduku kwa sauti ya bibi mwenyewe, iliyorekodiwa zamani. "Ukirudia kosa, umeme unakatwa."

"Lola, bibi yangu, mrudishe tu," akasihi Marivic, mjukuu wake msomi, aliyemrekodi. "Wali haujaiva."

"Msomi mzima wewe! Siku ile uliponirekodi, babu yako alikaa hapo mlangoni anasikiliza. Ulitaka nimwimbie nini?"

Akaimba tena, na mke akakataa tena. Jiko likazimika. Kisanduku, chenye betri yake, kikaendelea kumrudisha mke.

Marivic akakoka moto wa kuni, akapaza sauti kukishinda: "Harudi! Harudi!"