Debe Limenyamaza

Usiku wa tatu nguruwe mwitu waliurudia muhogo wa Ngwatu, chakula pekee kilichowabakia wanawe. Bunduki yake ilikuwa na risasi moja. Upande wa pili wa shamba mkewe, Sikudhani, aligonga debe ili mumewe ajue yeye yuko wapi, asije akampiga risasi.

“Usisinzie, Mama Tabu! Nitakudhania nguruwe.”

“Nguruwe gani anayekupikia, wewe?”

Kisha debe likanyamaza. Palepale lilipokuwa likilia, mashina yakavunjika, na kitu cheusi kikainama kuchimbua mizizi.

“Mama Tabu!”

Hakujibiwa. Muhogo ulizidi kutafunwa. Ngwatu alikaza kidole kwenye kifyatulio, akakilegeza. Akaokota jiwe, akaanza kugonga mtutu wa bunduki, ngo, ngo, ngo, kisha akatega sikio gizani, asikie kama debe litamjibu.