Pingamizi la Bi Bado

"Bado," alisema yule mama wa kiti cha nyuma, na karani akaweka kalamu mezani na kufumba macho.

Mkutano ulikuwa umekwisha tena bila kwisha. Sheria haikuwa na mzaha: mabaki ya watu wa kale yakifukuliwa, hayarudishwi ardhini mpaka wananchi waulizwe. Akitokea hata mmoja wa kupinga, tangazo linabandikwa upya na watu wanaitwa upya. Mifupa hii iliibuliwa na mafundi waliokuwa wakichimba msingi wa maktaba, na tangu hapo ilikaa kwenye maboksi katika stoo ya ofisi, rafu moja na karatasi. Karani hakuwa mwoga, lakini karatasi siku hizi alikuwa akiziomba ofisi ya jirani.

Mikutano ya mwanzo ukumbi ulifurika. Kila mtu alikuwa ukoo mmoja na marehemu, hasa waliosikia kutakuwa na soda. Afisa wa mambo ya kale aliwahoji mmoja mmoja: jina, makazi, uhusiano na marehemu. Soda haikuonekana, na ukoo nao ukapukutika. Mwisho akabaki huyu mama peke yake, ambaye ofisi nzima ilimwita Bi Bado.

Alikuja kwa basi la mbali, vumbi mpaka kwenye nyusi. Ajabu ni kwamba huyu Afisa hakumhoji. "Andika mwananchi," alimwambia karani, akitazama dirishani. Chai ilipoletwa, alimsogezea mgeni kikombe na kulisukuma bakuli la sukari pembeni. Bi Bado akanywa hivyo hivyo, wala asiseme ahsante.

"Bosi, huyu mama ana lake jambo," karani alisema walipobaki wawili. "Anataka nini hasa?"

"Haki yake kisheria," Afisa alijibu, akaenda kuufunga mlango wa stoo uliokuwa umefungwa tayari.

Ijumaa Afisa alikuwa anastaafu. Kama wafu hawa wasingekuwa wameruhusiwa kuzikwa, mrithi wake angeanza upya tangu tangazo la kwanza, na karani angekaa nao mwaka mwingine. Akiwaza hilo, karani alitamani kulia. Alikuwa amechoshwa na vikao, na viti vitupu, na neno lile moja.

Alhamisi wakaitisha mkutano wa mwisho. Feni ilikoroma juu yao. Afisa akasoma maneno yake ya siku zote, bila kuinua uso.

"Kuna mwenye pingamizi?"

"Bado."

Karani uzalendo ukamshinda. "Shikamoo, mama yangu, na unisamehe. Hawa watu watalala stoo mpaka lini? Hata kama ni wako, ndivyo unavyowaheshimu?"

"Marahaba. Si wangu," alisema Bi Bado. "Ila sheria inasema tuulizwe. Huyu kila siku anauliza nani anapinga. Mimi hajaniuliza ningependa wazikweje."

Afisa akavua miwani. Alichukua muda mrefu kuifuta, na ilipokwisha kufutwa hakuivaa.

"Ungependa wazikweje?" akauliza, kwa sauti ambayo karani hakuwahi kuisikia kwake.

Bi Bado akasimama, akashika mgongo wa kiti cha mbele. "Taratibu. Wasifukiwe haraka haraka eti kwa kuwa jua linazama na watu wamechoka. Waliokwisha kupiga simu kwamba wako njiani, wangojewe. Na atakayechelewa kabisa aachiwe udongo kidogo, naye autie kwa mkono wake mwenyewe."

Afisa aliitikia kila neno kwa kichwa. Mashavu yalikuwa yamelowa, na hakujaribu kuyaficha. Karani aliandika yote, akiona haya kwa yale aliyoyasema.

"Sasa andika kwamba sina pingamizi, mwanangu," Bi Bado akamwambia. Kisha akamgeukia Afisa.

"Hayo ndiyo ningekwambia siku uliyomzika mama aliyetuzaa, kaka, kama ungesubiri basi langu lifike."