Breki Bila Upepo

Begi la Asumini lilikuwa kwenye kiti cha nyuma, na gari lilikuwa tayari kwa kila kitu isipokuwa kusimama. Alipokanyaga breki, pedali ilizama mpaka chini kana kwamba amekanyaga uji.

"Hushuki mlima na hii," alisema Kheri, mumewe. "Ukitaka kuniacha, niache ukiwa mzima."

Wawili hao walikuwa wamenuniana tangu Ijumaa, lakini upepo ulioingia kwenye breki hautolewi na mtu mmoja. Kheri alilala kando ya gurudumu na spana yake, Asumini akabaki ndani, mguu kwenye pedali.

"Piga pampu," alisema Kheri. "Haya, shikilia!"

"Nimeshikilia."

Kheri akalegeza nati. Mafuta ya breki yakatoka yakitema mapovu. "Usiinue mguu kabla sijafunga, upepo utarudi ndani!"

"Leo umenisemesha kuliko mwezi mzima uliopita."

"Ni mambo ya breki haya."

"Hata hivyo, baba. Hata hivyo."

Wakazunguka magurudumu yote. Kwenye la mwisho mafuta yalitoka safi, lakini Kheri akasema, "Shikilia tena." Akafungua, akafunga. "Tena."

"Kheri, pedali imeshakuwa ngumu."

"Najua."

Asumini aliwasha gari. Mbele yake mteremko ulianza palepale getini. Kheri alikwenda kusimama nyuma, mikono ikichuruzika mafuta. Alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

Gari lilinguruma bila kusogea, na taa nyekundu za breki ziliendelea kummulika tumboni.