Napumzika

Nilikuwa nimemsuka mteja nusu ya kichwa aliposema, "Usikaze sana, mdogo wangu. Kesho napumzika."

Vidole vyangu vikasimama.

Katika kundi letu la mtandaoni, la watu waliochoka maisha, hatuandiki neno kufa. Tunaandika "napumzika", tunaweka na vikatuni vya kucheka. Wengine hujibu, "Tangulia, nakuja." Huwa sijui nani anatania. Hata mimi nilipoliandika juzi sikujua.

"Dada," nikauliza, "kupumzika kwa kulala, au kwa kule kundini?"

Hakucheka. Kichwa chake kikawa kizito mikononi mwangu.

"Kule wewe ni nani?"

"Kule najiita Kimya," nikamwambia.

Sikuuachia ule msuko.