Mechi ya Saa Kumi

"Hiyo nyeupe sichukui hata ukinipa bure," mzee alisema, akaisukuma mashine ya gemu mpaka ukingoni mwa kaunta.

Fundi wa gemu alicheka. Vijana wa mtaa walikuwa wamembandika mzee huyu jina la Babu Gemu, maana alikuwa mchapaji mstaafu wa miaka sitini na tisa, na ndiye mteja pekee aliyeingia dukani humo na miwani miwili, ya kusomea na ya kutazamia mbali.

"Babu, nisikilize kwanza. Nyeupe haichemki, haipigi kelele. Pedi yake inajaa mkononi, vitufe laini. Hiyo nyeusi yako pedi yake imekaa kama ya kuchezea mtoto."

"Nimeizoea."

Asubuhi hiyo nyeusi ilikuwa imegoma. Ilimeza diski ya gemu ya mpira, ikakoroma, ikaitema. Alijaribu mara saba, mwishowe akaifunga kwenye shuka na kuibeba hadi dukani. Ilikuwa Jumamosi, na saa kumi kamili alikuwa na mechi. Miaka minne nyuma mwanawe alikwenda nchi ya mbali kufanya kazi kiwandani. Alimwachia baba yake mashine nyeusi, akanunua pacha wake huko, na tangu hapo kila Jumamosi walikutana uwanjani kwa intaneti.

"Diski yangu nyeupe itaisoma?"

"Haisomi. Ukizitazama ni zilezile, lakini kila kampuni ina namna yake ya kuandika. Nitakupa ya kwake."

"Na mtu mwenye nyeusi, nitakutana naye?"

Fundi akajikuna kichwa. "Hapo sasa ndipo penye kasheshe. Wa nyeupe hucheza na wa nyeupe, wa nyeusi na wa nyeusi. Kampuni zenyewe hazipikiki chungu kimoja. Mwambie kijana naye ahamie nyeupe, huko aliko si zimejaa tele?"

"Hawezi kuhama."

"Basi ahirisheni, Babu. Wiki ijayo nitakuwa nimepata jicho jipya la kusomea diski."

"Nisipotokea leo, upande wa pili patakuwa na wasiwasi. Nakuomba, fundi. Na usinipandishe presha, daktari amenikataza mshtuko wa aina yoyote. Mke wangu analishika neno hilo kuliko hata dawa zenyewe."

Fundi akaguna, akainama chini ya meza, akatoka na nyeusi nyingine iliyoungua kwa umeme. "Jicho la hii huenda ni zima," alisema. "Nimesema huenda."

Mzee akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatazama bisibisi ikizunguka. Skurubu zilikuwa nyingi kupita kiasi. Kila moja ilipodondoka kwenye kisahani alitupia jicho saa ya ukutani.

"Bado anakutandika yule mwanao?" fundi aliuliza bila kuinua kichwa. "Zamani ulikuwa unakuja hapa kulalamika. Tano bila, sita bila."

"Siku hizi mimi ndiye namsubiri. Anapiga pasi za nyuma, anachanganya kitufe cha shuti na cha krosi."

"Kazi za kiwandani zinamaliza mikono, Babu."

Mzee akajifanya anakohoa. Kulikuwa na siku alitamani mashine hii ife moja kwa moja, naye apumzike. Kisha Jumamosi ikifika, aliona aibu kwamba aliwahi kuwaza hivyo.

Saa tisa na nusu nyeusi ilimeza diski, ikanyamaza, ikatulia nayo. Mzee aliishika mikono ya fundi, yote miwili.

Nyumbani hapakuwa na mtu. Mkewe, mama wa mtoto, alikuwa ameondoka mapema kwenda kwa dada yake kufuma, kama kawaida yake ya Jumamosi kwa miezi minane sasa, na chakula alikuwa amekifunika mezani. Mzee hakukigusa. Alichomeka nyaya, akakaa kitandani, akangoja. Dakika mbili kabla ya saa kumi, jina la mwanawe likawaka kwenye kioo.

"Shikamoo baba," maandishi yakatokea. "Maikrofoni bado mbovu."

"Marahaba mwanangu," mzee aliandika kwa kidole kimoja. "Haidhuru. Tuanze."

Winga wa upande wa pili alikimbilia lango lake mwenyewe, akasimama, akageuka taratibu. Mzee aliwazuia mabeki wake wasimkaribie. Akamtoa kipa langoni, akampeleka pembeni kana kwamba ameita mtu huko. Mpira ulibingirika polepole, ukaingia. Baadaye likaingia la pili, na mfungaji akaruka hewani akishangilia. Mzee alilia kidogo, bila sauti, akaifuta pedi kwa shati.

"Umenifunga vizuri," aliandika.

Saa kumi na mbili mama alirudi na kikapu chake cha nyuzi, akavua viatu mlangoni. Alionekana amechoka, lakini uso ulikuwa umekunjuka kidogo.

"Mtoto amecheza?"

"Amecheza. Kanichapa mawili."

"Mwanao huyo!" mama alisema, akacheka, huku akivisugua vidole gumba vyake vilivyovimba.

Mzee akammiminia chai. Hakumwambia, kama ambavyo hakumwambia Jumamosi yoyote kwa miezi minane, kwamba msimamizi wa kiwanda alikuwa amempigia yeye simu ya kifo cha mtoto wao kabla ya kumpigia mama.