Kiganja cha Bibi Harusi

Kila msichana hupandikizwa kiganjani tezi ya mbawakawa: akiogopa, kemikali mbili huchanganyika na kufyatua mvuke unaochemka. Siku ya ndoa, sheria inataka tezi izibwe.

Shangazi wa bwana harusi alikuja na sindano ya kuzibia.

"Lete mkono, mwanangu. Mume hapuliziwi kama jambazi."

"Asiponitisha, atapuliziwa kwa lipi?" Mwanaidi aliuliza.

"Wee! Na ulimi huo tuuzibe?"

Wanawake wakacheka. Salmini, bwana harusi, hakucheka. Alimshika Mwanaidi kifundo cha mkono, akasema kwa upole, "Usiniaibishe."

Kiganja kikaanza kupata moto. Mwanaidi hakukifumba, alimwelekezea.

"Niachie, Salmini. Tezi hii haingoji niiamuru."

Salmini aliachia kidole kimoja kimoja, akitabasamu. Kiganja hakikupoa.