Behewa Jepesi

Kazi ya Mwanaiki ilikuwa kufungua mabehewa yaliyounganishwa juu ya kilima cha stesheni ya mizigo. Kila behewa likifunguliwa hushuka lenyewe bila injini, na swichi ya reli iliyo chini hulipeleka kwenye njia ya mji wake.

Asubuhi hiyo moja lilibeba vyombo vya Rukia, binti yake wa pekee, aliyehamia kusini na mumewe. Nyumbani Mwanaiki alijibakizia sufuria moja ndogo.

“Mama Rukia, hili niachie,” alisema Mlekwa, mwenzake.

“Tangu lini umekuwa mwema? Sogea.”

Alilifungua. Likashuka polepole, likasimama kabla ya kufika kwenye swichi.

“Jepesi mno,” Mlekwa alisema. “Linataka kusukumwa kidogo tu.”

Mwanaiki aliteremka, akaliwekea viganja viwili. Ndani, masufuria yalikuwa bado yanagongana.